Mashine Inaona Macho, Haioni Pochi

Hotuba kwa wafanyabiashara wa rejareja, Dar es Salaam. Imehaririwa kidogo ili isomeke.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa soko, wazee wetu wa biashara, dada zangu, kaka zangu, na nyie mawinga, madalali wetu, mliosimama mlangoni kama mnaosubiri mteja apite: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie simu na biashara ya rejareja. Najua wengi mnategemea niwaambie dunia imebadilika, fungueni kurasa Instagram. Sitawaambia. Kurasa mnazo, wengine mnazo tatu na moja imeshadukuliwa. Kazi yangu ni kutengeneza programu za stoo na mauzo, na kwa kazi hiyo nimekaa nyuma ya kaunta nyingi za mji huu nikitazama mzigo unavyoingia na unavyotoka. Leo nataka tuiangalie ile mashine inayoamua nani aione bidhaa yako na nani asiione. Inajua nini, haijui nini, na inamfanyia kazi nani.

Tuanzie ilikotoka. Amazon ilianza kuuza mtandaoni Julai 1995, na ilikuwa inauza vitabu tu. Shida yake ilikuwa ya duka lenye bidhaa nyingi kuliko ambazo mtu angeweza kuzipitia, halafu hakuna muuzaji wa kumwambia mteja "shika hiki, kitakufaa". Wazo lililokuwepo wakati ule lilikuwa kutafuta wateja wanaofanana: wewe na fulani mmewahi kununua vitabu vilevile, basi alichonunua yeye juzi uonyeshwe na wewe. Wazo zuri, ila ukifikisha wateja mamilioni hesabu yake inakuwa nzito mno, maana kila mteja lazima alinganishwe na wenzake. Mwaka 1998 Amazon wakaanza kutumia njia nyingine: wakaacha kulinganisha watu, wakalinganisha bidhaa. Waliochukua hiki, walichukua na kipi kingine? Jibu la kila bidhaa linaandaliwa mapema, linawekwa kwenye jedwali, na mteja akigusa kitu anapewa palepale bila kusubiri. Wahandisi watatu, Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York, waliieleza njia hiyo kwenye makala ya mwaka 2003, na ukiifungua leo programu yoyote kubwa ya manunuzi utaona watoto na wajukuu wa wazo lile.

Sasa shikeni jambo moja. Mashine ile ilisoma manunuzi. Amazon ndiyo ilionyesha bidhaa, ndiyo ilipokea hela, ndiyo iliyofunga mzigo na kuupeleka, na kiatu kikimbana mteja, ndiyo iliyokipokea kikirudi. Iliona nani alitazama akaondoka, nani alilipa, nani alijuta. Kila kitu kilipita mikononi mwake, kwa hiyo ilipopendekeza, ilipendekeza kwa kujua.

Haya, tuje Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo.

Winga hana fremu ya duka wala stoo, anauza mali ya maduka ya wengine. Ana simu, ana pawabenki, na ana ramani ya Kariakoo kichwani. Asubuhi anaingia dukani kwako, anakuamkia, anapiga picha gauni lililovalishwa sanamu, halafu anachukua video fupi akikivuta kitambaa tuone kinavyovutika. Bei yako, tuseme, ni shilingi 25,000. Yeye anaiweka stetasi na TikTok kwa 35,000. Dada mmoja yuko Mbeya anaiona. Anaandika "bei?" ingawa bei imeandikwa kubwa juu ya picha, hilo tumeshalizoea. Wanahamia WhatsApp. Dada anauliza kama lina mpira kiunoni, anasema yeye ana mwili kidogo, winga anarudi dukani, analinyoosha gauni juu ya kaunta na kulipima kwa tepu, anamtumia picha ya tepu. Wanavutana bei kidogo. Hela inaingia kwenye simu. Winga anakulipa chako, anabaki na cha juu, gauni linafungwa kwenye mfuko wa nailoni, jina na namba vinaandikwa kwa maka peni, bodaboda anakimbia nalo Stendi ya Magufuli kule Mbezi, linapanda basi la jioni. Winga anapiga picha risiti ya parseli, anaituma Mbeya pamoja na namba ya kondakta. Kesho yake dada yuko stendi anadai mzigo wake.

Hiyo ndiyo biashara ya simu tuliyonayo. Haikuletwa na kampuni yoyote, tumeiunga wenyewe kwa vipande vilivyokuwepo, na kwa kweli inafanya kazi vizuri kuliko mifumo mingi niliyoiona ikizinduliwa hotelini kwa maturubai na vipaza sauti.

Lakini irudieni safari ya lile gauni mkijiuliza nani ameona nini. TikTok imeona kwamba dada wa Mbeya alitazama video mpaka mwisho, akairudia, akaandika "bei?". Imeishia hapo, haijui kama alinunua. WhatsApp imebeba mazungumzo yaliyofungwa kwa ufunguo wa wawili wale. Mtandao wa simu umeona hela imetoka namba hii kwenda namba ile, haujui kama ni ya gauni, ya deni au ya mchango wa harusi. Nao umejifunza kuitumia hata hiyo kidogo unayoijua: mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza Kenya mwaka 2012, ya M-Pawa ikaja kwetu 2014, na tangu hapo namna unavyopokea na kutoa hela ndiyo inayoamua ukopeshwe kiasi gani. Bodaboda ameona furushi. Basi limeona furushi.

Na wewe mwenye duka, unayelipa kodi ya fremu, mlinzi, umeme na TRA, umeona nini? Umeona gauni moja limetoka, shilingi 25,000 imeingia. Hujui limekwenda Mbeya au Mbagala. Hujui kama lilimtosha. Mtu pekee aliyeiona safari nzima, kuanzia jicho la mteja mpaka pochi yake mpaka mwili wake, ni huyu kijana aliyesimama mlangoni. Nasema haya mbele yake makusudi. Asidhani hatujaona.

Kwa hiyo mashine zinazotuongoza sisi ni tofauti na ile ya vitabu. Zinasoma macho. Zinahesabu mtu ametazama sekunde ngapi, amerudia, amemtumia rafiki, ameandika nini chini. Hazifanyi hivyo kwa ubaya. Kampuni yenye video inauza matangazo, na matangazo yanahitaji watu wakae. Video ya kumwaga mchele kwenye vitenge ingewafanya watu wakae, basi ingesambazwa, hata kama hakuna kitenge kimoja kilichouzwa.

Ndiyo maana mmeanza kuona wauzaji wanageuka wachekeshaji. Kuna mzee ninayemheshimu sana, anauza mashuka, amefanya biashara hiyo tangu wengine hatujazaliwa. Mwanawe alimshawishi acheze mbele ya kamera na shuka begani. Video ilitazamwa kuliko chochote alichowahi kuweka. Watu waliandika "mzee unatisha", "babu jezi namba 10". Nilipomuuliza mauzo, alicheka akanionyesha stoo. Mashuka yalikuwa palepale. Aliyekuja kucheka hakuwa na kitanda cha kutandika.

Mbaya zaidi ni pale tunapoagiza mzigo kwa kufuata macho. Sandali fulani inasambaa, kila ukifungua simu unaiona, na kila mwenye mtaji anapiga simu Guangzhou, China. Mashine ilikuonyesha wewe sandali ile kwa sababu wewe ni muuza viatu unayetazama viatu, na wenzako nao wakaonyeshwa kwa sababu hiyohiyo. Wateja wa kweli huenda walikuwa wachache, waliobaki ni sisi wauzaji tulikuwa tunatazamana. Kontena zote zinafika wiki ileile, bei inaporomoka, anayecheka ni wakala wa meli. Hili nimeliona kwenye madaftari ya stoo za watu zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye mzigo anasema ni bahati mbaya.

Halafu kuna bidhaa mpya. Mashine ya kupendekeza haina la kusema juu ya kitu ambacho hakuna aliyekigusa, hilo ni tatizo la tangu mwanzo la mifumo hii na wataalamu wanalijua vizuri. Kitu kisichojulikana hakionyeshwi, na kisichoonyeshwa hakijulikani. Ukurasa wako mpya wenye wafuasi wachache uko kwenye shimo hilo. Njia ya kutokea wanayokuuzia inaitwa tangazo la kulipia. Si dhambi kulipia tangazo, mimi mwenyewe huwashauri watu walipie kidogo mwanzoni. Ila ujue unalipia nini: unakodi macho kwa siku chache, na siku ukiacha kulipa, hukuachiwa hata jina la mteja mmoja.

Kuna waliojaribu kuleta njia ya Amazon hapa, ya kushika kila kitu kuanzia picha hadi mlangoni. Jumia walikuwepo Tanzania, wakaorodheshwa soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo wakafunga shughuli zao kwetu, wakisema wanaelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Kenya, Copia walikuwa wanawafikia watu wa vijijini kupitia mawakala wenye viduka. Mei 2024 wakawekwa chini ya wasimamizi wa kampuni zilizoshindwa kifedha. Sitaki kuwacheka. Kupeleka mzigo kwenye nyumba isiyo na namba, kwenye mtaa usio na jina, kwa mteja anayetaka kwanza akishike kitu ndipo alipe, kunakula faida yote. Bodaboda na basi wanaweza kwa sababu gharama zao zinalipwa na abiria na mizigo mingine. Kampuni inayojenga msafara wake yenyewe inazibeba peke yake.

Basi mtasema, tumepona, wakubwa wameshindwa. Ngojeni niwape habari za Jakarta.

Kule, mji mkubwa wa Indonesia, kuna soko linaitwa Tanah Abang, soko kubwa la nguo na vitambaa. Mkilitembelea hamtapotea, mtadhani mko kwenu. Indonesia ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo ambako TikTok iliweka duka ndani ya video, mwaka 2021. Mtazamaji hakulazimika kuhamia kokote: anaona, anagusa, analipa palepale, mzigo unakuja. Kwa mara ya kwanza mashine ya macho ikaanza kuona na pochi. Wauzaji wa Tanah Abang wakapiga kelele kwamba vibarazani hakuna watu. Septemba 2023 serikali ikatoa kanuni inayozuia mitandao ya kijamii kufanya mauzo ya moja kwa moja, na tarehe 4 Oktoba TikTok ikalifunga duka. Soko likapumua. Desemba ileile TikTok ikakubaliana kuchukua hisa nyingi za Tokopedia, duka la mtandaoni lililoanzishwa na Waindonesia wenyewe, na mauzo ndani ya video yakarudi. Marufuku ilidumu kama miezi miwili.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema serikali itazuia, namsikiliza kwa adabu, kisha namuuliza kwenye miezi yake miwili atafanya nini. Siku malipo na video vitakapokaa ndani ya programu moja hapa kwetu, mashine itajua kile ambacho leo anakijua winga peke yake. Muda tulionao ni huu ambao bado haijui.

Mimi naona cha kufanya ni kushika ujuzi wa mteja kabla haujahama, na hakihitaji programu yangu. Mkitaka kununua programu tutaongea baadaye, sitaki Mwenyekiti aseme nimekuja kuuza.

Kuna dada anauza vitenge, sitamtaja, yumo humu ndani na anajifanya anasoma ujumbe. Ana daftari la kaunta, lile kubwa lenye jalada gumu. Kila mteja ana ukurasa. Jina, mtaa au mkoa, alichochukua, rangi, tarehe, alikuwa ananunulia nini: harusi, sare ya kikundi, kumtuza mama mkwe. Pembeni anaandika alichokitaka akakikosa. Mzigo mpya ukifika hapigi picha robota zima na kuwatumia watu wote. Anakaa na daftari, anafungua kurasa, na anamwandikia mmoja mmoja: "Shikamoo mama, kile cha zambarau ulichochukua cha Pasaka, kimekuja cha namna hiyo cha kijani, vimebaki vitatu." Anatuma picha moja. Wengi wanajibu, na wanaojibu hawaandiki "bei?", wanaandika "niwekee".

Anachofanya dada huyu ndicho kile cha mwaka 1998, tena yeye ana taarifa ambazo Amazon haina, maana hakuna mashine inayojua kitenge kilikuwa cha mama mkwe.

Mkitaka kwenda mbele kidogo, chukueni mauzo ya mwezi mmoja na muangalie vitu vilivyotoka pamoja. Tuseme umeuza viatu vya shule mara nyingi, na karibu kila aliyechukua viatu alichukua soksi. Utasema soksi zinakwenda na viatu vya shule. Taratibu. Soksi zinakwenda na kila kitu, hata aliyenunua mkanda kachukua soksi. Kwa hiyo soksi hazijakuambia chochote. Swali la maana ni hili: waliochukua viatu vya shule walichukua kitu gani kwa wingi kuliko wateja wengine wa duka hili? Pengine ni begi la mgongoni. Pengine ni kiwi nyeusi. Hicho ndicho ukiweke karibu na viatu, dukani na kwenye picha. Waliotengeneza mashine hizi nao waligundua kwamba kitu maarufu kinaifunika hesabu, na wakalazimika kukipunguzia uzito. Wewe unaweza kukipunguza kwa kalamu.

La pili linawahusu wenye maduka na mawinga, na hapa najua kutakuwa na maneno. Wenye maduka wengi wameanza kuwabana mawinga wawape namba za wateja. Msiwaombe. Hawatawapa, na wakiwapa watawapa za uongo, kwa sababu namba zile ndizo fremu yao. Ombeni kitu kingine ambacho hakimuumizi mtu: kila jioni winga akuambie alichoulizwa akakosa. Saizi gani, rangi gani, bei gani mteja aliishia. Kuna duka la viatu vya kike ambalo liligundua kwa njia hiyo kwamba walikuwa wanapoteza wateja wa saizi 42 na 43 kila wiki, wanawake wenye miguu mikubwa waliokuwa wanachoka kuulizia. Kwenye simu hapakuwa na dalili yoyote, kwa sababu kitu ambacho hukuweka picha yake hakiwezi kutazamwa. Wakaagiza. Winga aliyeleta habari walimpunguzia bei ya jumla kwa viatu hivyo, ikawa haki.

Kwenye WhatsApp ya biashara kuna lebo za kuwapanga wateja, zitumieni. Na mkituma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu wengi, kumbukeni haumfikii ambaye hajahifadhi namba yenu. Mteja akija dukani, kabla hujamfungia mzigo, mwombe aihifadhi palepale. Inachukua muda mfupi kuliko kutafuta chenji.

Lakini mkianza kukusanya majina na namba, mmeingia kwenye sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Maana yake kwa lugha ya kaunta: mwambie mteja unaandika nini na kwa nini, usiitumie namba yake kwa jambo lingine, na akisema usinitumie tena, mfute. Ile tabia ya kuuziana orodha za namba, elfu tano hizi hapa nipe shilingi kadhaa, iacheni. Mbali na sheria, mteja anayepokea meseji ya nguvu za kiume kutoka kwa mtu asiyemjua, wiki moja baada ya kununua shuka kwako, anajua namba imetoka wapi.

Sina mengi zaidi, na chai naona imefika. Tuingie kwenye maswali. Dada wa safu ya tatu amenyoosha mkono tangu niliposema mawinga wasiombwe namba, na mwenye duka aliyekaa naye hapo pembeni kanyoosha mikono miwili. Tuanze na dada.